Tumbo la siku za skuli: kisa cha mwalimu wa Chake, chai ya kupunguza na ufunguo wa choo

Mwalimu wa sekondari, mwanamke, miaka 33, watoto wawili, anakaa Chake Chake. Mumewe kazi yake ipo Unguja, anavuka kuja Pemba wikendi akipata nafasi. Kaniruhusu mwenyewe nikiandike kisa chake na mambo mawili matatu nimeyageuza asijulikane, maana Chake mji mdogo, ukitaja tu mtu anasomesha somo gani watu washamaliza.

Mie si daktari, nakaa duka la dawa. Daktari wake yupo, ndo aliyempima na ndo anaemfuatilia mpaka leo, mie naeleza yale niliyoyaona kaunta na tuliyozungumza nae kidogo kidogo kwa miezi.

Alikuja kutaka Flagyl, vile vidonge vya kuulia amiba na bakteria, na si mara ya kwanza kuzinywa mwaka ule, nyingine alipewa kwa cheti na nyingine kanunua duka hili na lile kwa kusema tu "nipe za tumbo". Nikamwambia mwalimu hebu kaa kwanza unieleze. "We nipe tu dada, nna kipindi saa nne." Lakini akakaa, na mtu akishakaa kwenye kibao cha duka la dawa huwa hakosi la kusema.

Alichoeleza ni hivi. Tumbo linamsokota chini ya kitovu asubuhi, anakwenda choo mara tatu mara nne kabla hajatoka nyumbani, choo chenyewe laini kisichoshikana, na akishatoka maumivu yanapungua. Mchana ni gesi na tumbo kujaa mpaka sketi inambana. Halafu zipo siku mbili tatu nzima hapati choo kabisa, kisha linafunguka tena kwa fujo. Siku za skuli ndo balaa, wikendi afadhali. Hali hiyo ilikuwa inakaribia mwaka na nusu.

Na kila mtu alikuwa na jina lake. Kwa mama mkwe ni chango, akamchemshia mizizi. Kwa jirani ni vidonda vya tumbo. Maabara moja ya mtaani ikasema taifodi. Duka la dawa likasema amiba. Daktari akasema stress.

Nianze na haya ya kuondoa haraka. Vidonda vya tumbo kawaida huuma juu, pale chembe cha moyo, na havina habari na kwenda choo, wakati yeye maumivu yake ya chini na yanafuatana na choo moja kwa moja. Taifodi alipimwa kile kipimo cha damu cha Widal, mara moja tu, na kipimo kile ukikifanya mara moja hakitegemeki, kwasababu chembechembe za kinga zinaweza kubaki mwilini tangu zamani au zikatokea kwa maradhi mengine, na yeye homa hana, kichwa hakimuumi, anakwenda kazini kila siku. Mtu na taifodi ya mwaka na nusu anasomesha Form Four? Amiba kwa kweli si jambo la kudharau huku kwetu, wala minyoo, ila hospitali walimpima choo zaidi ya siku moja wakakuta kisafi, na dawa ya minyoo alishakunywa. Flagyl zilikuwa zinamwacha na ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu basi.

Ila anasema "zilinisaidia mara mbili". Nikamuuliza lini, akafikiri, akasema mara moja mwisho wa muhula na mara moja wiki ya kabla ya Idi. Yaani mara zote mbili skuli ilikuwa inafungwa. Maradhi ya namna hii yanapanda na kushuka yenyewe, na dawa ukiinywa pale yanapotaka kushuka, sifa inachukua dawa.

Daktari yeye alifanya kazi yake vizuri na nampa haki yake. Aliuliza yale maswali ya hatari kwanza: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, homa, kuamshwa usiku na tumbo, upungufu wa damu, ndugu wa karibu mwenye saratani ya utumbo, na umri, maana tumbo likibadilika kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyepita miaka 45 au 50 halichukuliwi mchezo. Hakuna hata moja. Kampima wingi wa damu, sukari, thairoidi, virusi vya Ukimwi, choo. Vyote salama. Hapo akamwambia hii ni IBS, inaletwa na stress, punguza mawazo.

Mwalimu alitoka kakasirika. "Yaani kaniambia nnajitia."

Kwa wasioijua, IBS (kwa kirefu irritable bowel syndrome) si kwamba utumbo una kidonda au umeoza. Ukiutazama kwa kamera unakuta mzima, ila unavyokwenda na unavyohisi ndo kumeharibika. Wataalamu wana vigezo vyao, vinaitwa Rome IV, vya mwaka 2016: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3 ya karibuni, na hali yenyewe iwe imeanza angalau miezi 6 nyuma, pamoja na mawili kati ya matatu haya, yaani maumivu yanahusiana na kwenda choo, idadi ya kwenda choo imebadilika, choo chenyewe kimebadilika sura. Yeye alikuwa nayo yote. Na hayuko peke yake, uchunguzi mkubwa wa nchi 33 uliotoka 2021 ulikuta kama watu 4 katika 100 wana hali hii kwa vigezo hivyo, na wanawake wengi kuliko wanaume.

Na kujitia hajitii. Utumbo una mishipa yake ya fahamu zaidi ya milioni mia moja, na inazungumza na ubongo muda wote kwa njia mbili. Mtu akipata khofu, homoni za khofu zinaufanya utumbo mkubwa ukaze na kusukuma haraka, hata mzima kabisa hukimbilia choo siku ya intavyuu. Kwa mwenye IBS kuna la ziada, mishipa imekuwa mwepesi kupiga kelele, gesi ileile ambayo mie na wewe tusingeihisi yeye anaihisi kama maumivu ya kweli. Gari yenye alamu mbovu, paka akipita tu juu ya boneti inalia mtaa mzima. Mwizi hayupo lakini kelele ni ya kweli.

Sasa mie tatizo langu na lile jibu la "stress" si kwamba ni uongo. Ni kwamba lilikuja mapema mno likafunga maswali mengine. Hakuna aliyemuuliza unakula nini, unakunywa nini, choo cha skuli kikoje. Na humo ndo mlikuwa na kisa chenyewe.

Tukarudi nyuma. Kabla ya yote alikuwa mzima, anakula achari na pilipili za kila namna. Kisha akaenda harusini Wete, chakula kikawadhuru watu kadhaa, yeye akahara na homa siku kama nne. Kupona akapona, lakini anasema tumbo "halikurudi". Hili linajulikana, kama mtu mmoja kati ya kumi wanaopata maambukizi makali ya tumbo anabaki na IBS baada yake. Muda si mrefu skuli wakampa madarasa ya Form Four, mwenzake kahamishwa, vipindi vikaongezeka, na grupu la WhatsApp la walimu likaanza kutuma maagizo saa tatu usiku. Mume yuko ng'ambo, nyumba inajengwa, mafundi wanampigia simu yeye.

Halafu, na hapa msome polepole, tumbo likawa linajaa gesi na kutokeza mbele, na yeye akaliona kitambi. Alikuwa kesha jifungua mtoto wa pili, watu wanamtania, "mwalimu mambo yamejibu". Akaamua kuanza kuishi kiafya. Hakuna baya hapo kwa mtu wa kawaida. Asubuhi maji ya uvugu vugu na ndimu na asali, kijiko cha habasoda. Chai hanywi, boflo hagusi. Skuli tufaha moja la kununua. Mchana kachumbari sahani nzima, kabichi mbichi, kitunguu kingi. Usiku chapati za unga wa ngano usiokobolewa na maharage au mbaazi, glasi ya maziwa kabla ya kulala. Na bazoka isiyokuwa na sukari mdomoni kutwa, ili asile ovyo.

Ukiitazama orodha ile kwa jicho la mtu wa lishe unampa maksi zote. Ukiitazama kwa jicho la mtu mwenye IBS nywele zinasimama. Zipo sukari za aina fulani ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri, zinavuta maji na kushuka mpaka utumbo mkubwa ambako bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndo walioziweka pamoja na kutengeneza mlo wa kuzipunguza, unaitwa low FODMAP. Zimo kwenye asali, tufaha, kitunguu maji na thomu, ngano, maharage, mbaazi, maziwa, na zile tamutamu za kwenye bazoka kama sorbitol. Mwalimu alikuwa amezikusanya karibu zote kwa siku moja, kwa nia njema, na kila tumbo likijaa anazidisha.

Nikamwambia aandike daftari, wiki mbili tatu, asibadilishe kitu kwanza. Saa, alichokula, choo kikoje, na nini kinaendelea siku hiyo. Choo akikitaja kwa namba, kuna ile chati ya Bristol ya aina 7, ya 1 ni vigololi vigumu na ya 7 ni maji matupu. Kaandika vizuri, mwalimu yule, kapiga na mistari ya rangi.

Jumatatu mpaka Alkhamis namba 6 asubuhi, mara tatu nne. Ijumaa nafuu kidogo. Jumamosi na Jumapili namba 4, safi, hata siku waliyopika pilau na wageni wamejaa. Yeyote angesema haya sasa, si ndo stress yenyewe, daktari kasema kweli. Mie nikawa nakaribia kusema hivyohivyo, ila kulikuwa na mstari mdogo usiku wa Jumatatu, "chai". Usiku wa Jumanne "chai". Jumatano, "chai". Ijumaa hamna.

Mwalimu, si uliniambia chai umeacha?

Akacheka ile ya aibu. Si chai hiyo, ni chai ya kupunguza tumbo, kauziwa na dada mmoja anaeuza kwenye status za WhatsApp, paketi elfu kadhaa, anakunywa usiku kabla ya kulala. Mume akiwepo hanywi kwasababu hataki ajue pesa inaenda wapi. Nikamwambia kesho niletee boksi. Nyuma ya boksi kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi, senna. Ndo sanamaki hiyohiyo ambayo bibi zetu walikuwa wakinywa kusafisha tumbo, na inafanya kazi baada ya masaa 6 mpaka 12. Ukiinywa saa nne usiku, hesabu mwenyewe inakukuta saa ngapi.

Kwahiyo nusu ya "tumbo la skuli" lilikuwa linatoka kwenye kikombe, na ratiba ya mume kuja na kuondoka ndo ilikuwa inalifanya lionekane la stress. Hili nalieleza kwa urefu kwasababu naliona sana kaunta. Watu hawahesabu vitu hivi kuwa ni dawa. Ukimuuliza mtu unatumia dawa gani anasema situmii, na nyumbani ana chai ya kupunguza, habasoda, maji ya siki na unga wa sijui mti gani.

Kaacha chai. Nilimtahadharisha kwamba siku za mwanzo anaweza kufunga choo, utumbo ukishazoea kusukumwa unajisahau, na kweli kakaa siku tatu hana kitu akaanza kupata wasiwasi na kutaka kuirudia. Akavumilia. Asubuhi zikashuka kutoka mara nne mpaka mara mbili. Lakini msokoto haukuisha, na gesi palepale. Hapo ndo tukajua sasa kilichobaki ni IBS ya kweli.

Chakula hatukwenda kwenye ule mlo wa Monash kamili. Ule una hatua, unakata vitu vingi kwa wiki 2 mpaka 6 kisha unarudisha kimoja kimoja upate kujua chako kipi, na unataka mtu wa lishe akusimamie, vinginevyo mtu anakata na harudishi anaishia kula wali mkavu. Kwa mama anaepikia familia nzima na mama mkwe anachungulia sufuria, haiwezekani. Tukachukua njia nyepesi zaidi. Waingereza kwenye mwongozo wa 2008 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, wanaanza na mambo ya kawaida: kula kwa wakati bila kuruka mlo, kula taratibu, chai na kahawa zisizidi vikombe 3, matunda yasizidi mafungu 3 kwa siku, maji ya kutosha. Halafu tukatoa vitu vichache tu kwa zamu. Asali na tufaha na bazoka kwanza. Baadae maziwa ya usiku, na hapo akashangaa, maana watu wazima wengi Afrika hatumeng'enyi laktosi, yaani sukari ya maziwa, vizuri na yeye alikuwa haijui hiyo kabisa. Mtindi mdogo anauweza.

Vitunguu ndo vilikuwa vita, maana mchuzi wa Kizanzibari bila kitunguu na thomu ni nini? Lakini zile sukari za thomu zinayeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta, kwahiyo ukikaanga thomu nzimanzima kwenye mafuta kisha ukazitoa kabla hujatia maji, harufu inabaki na tumbo halijui. Kitunguu anatumia majani ya kijani. Mama mkwe hajagundua mpaka leo, au kagundua kanyamaza. Mbaazi anaroweka usiku, anamwaga maji, anakula vijiko viwili vitatu badala ya bakuli. Kasimile kalipunguza, anapikia tui la pili, kwasababu mafuta mengi kwa mpigo yanaushtua utumbo. Pilipili hivyohivyo, kidogo. Vilivyobaki vyote ni chakula chetu cha siku zote na havina ugomvi nae: wali, muhogo, ndizi mbichi, viazi, samaki, mayai, mchicha, karoti, papai. Yaani mtu alikimbia muhogo na samaki wa kwao akaenda kwenye tufaha na asali kutafuta afya.

Nyuzinyuzi pia, kila mtu anaambiwa ale nyuzinyuzi, lakini pumba za ngano kwa IBS nyingi zinaongeza gesi. Zile za isabgoli, maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji, ndo zinazofaa zaidi, na zinasaidia choo kigumu na laini vilevile. Kaanza kijiko kimoja cha chai na glasi nzima ya maji, akapanda polepole.

Sasa nije kwenye skuli.

Nilikuwa namuuliza kuhusu wanafunzi, mkuu, mitihani, nikidhani humo ndo stress ilimo. Akajibu ndio, ndio, ndio. Kisha akasema jambo bila hata kulipa uzito, "na ufunguo wa choo anakaa nao karani". Choo cha walimu wanawake kinafungwa, ufunguo uko ofisini, karani ni mwanamme, na ofisini wanaume wamekaa wanakunywa chai. Kila akitaka choo apite pale, aombe ufunguo, arudishe, na mtu amesema "mwalimu tena?". Mara moja karani alikuwa ametoka na ufunguo mfukoni. Mwalimu akabana kipindi kizima, jasho linamtoka, anaandika ubaoni.

Tokea siku ile asubuhi zake zikabadilika. Hali chakula cha maana mpaka saa saba ili tumbo liwe tupu. Anakwenda choo nyumbani hata kama hana haja, "kujihakikishia", anakamua. Daladala ya kwenda Wete kaacha kupanda, anaomba lifti za watu anaoweza kuwaambia simama. Harusi haendi. Na mtu asiekula tokea usiku mpaka saa saba, akija kula anakula kwa njaa na utumbo unajibu kwa nguvu, anathibitisha alichokuwa anakiogopa.

Nikamwambia mwalimu, kachonge ufunguo wa pili.

Akaona haya wiki nzima. Mwisho kamwambia mwalimu mwenzake mwanamke, na yule mwenzake akasema hata mie nina shida hiyohiyo siku za hedhi, wakaenda wawili kwa mkuu, na mkuu wala hakuwa na neno. Sasa ufunguo unakaa kwenye droo ya walimu wanawake. Daftari lake wiki iliyofuata nnalikumbuka: siku tatu za skuli hakukitumia kile choo kabisa. Alikuwa anajua kipo tu, basi. Mie naamini ufunguo ule umefanya kazi kuliko chochote nilichowahi kumuuzia, na wala haukuandikwa kwenye cheti chochote.

Asubuhi nazo tukazipanga upya. Utumbo mkubwa kwa kawaida unaamka na mtu, na ukitia chakula tumboni unasukuma zaidi, ni maumbile. Badala ya kupigana nayo, aitumie. Akishasali Alfajiri harudi kulala, anakula kidogo, muhogo wa kuchemsha au yai na chai nyepesi, anakaa, anakwenda choo bila haraka, halafu ndo anawatayarisha watoto. Anapumua kwa tumbo dakika chache, polepole, pumzi ya kutoka ndefu kuliko ya kuingia, hiyo inapunguza mbio za mwili wa khofu. Mwanzoni aliniona mjinga. Jioni anatembea na mashoga zake mpaka Gombani na kurudi, mazoezi ya kawaida tu ya kutembea yana ushahidi kwa IBS, na kitambi anachokilalamikia kinahitaji hayo kuliko chai. Daladala ya Wete kairudia kwa hatua, kwanza mpaka njia ya katikati na kushuka, kisha safari nzima na shoga yake, kisha peke yake. Mtaalamu wa saikolojia angempangia hivyohivyo kwa utaratibu mzuri zaidi, ila si kila mtu Pemba ana njia ya kumfikia.

Dawa nipite haraka. Loperamide, ya kuzuia kuhara, anayo mkobani, anaijua ni ya siku maalumu, mfano kuvuka bahari kutoka bandari ya Mkoani, si ya kila siku, na haigusi maumivu, na ukiwa na homa au damu usiiguse. Hyoscine kwa msokoto, mara mojamoja. Vidonge vya mafuta ya nanaa vinasaidia baadhi ya watu, ila chai ya nanaa si kitu kimoja na vile. Daktari akampendekezea amitriptyline ya usiku, miligramu 10, na hapo pakawa na mzozo. Kasoma karatasi ya ndani, kaona dawa ya sonona, akasema wanataka kunipeleka Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamweleza kwamba dozi ile ni ndogo mno kwa sonona, hapa inatumika kutuliza mishipa ya utumbo, na Uingereza wameijaribu kwa wagonjwa 463 wa IBS, miligramu 10 mpaka 30, matokeo yakatoka 2023, waliopewa walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na inaweza kufunga choo, ambalo kwake si baya sana. Akakataa. Ningekuwa mie ningekunywa, lakini tumbo lake.

Ramadhani ilimpa mtihani mwingine. Mchana alikuwa mzuri ajabu, skuli saa chache, tumbo limetulia. Jua likizama, tende, juisi ya embe, tikiti, uji, sambusa, bajia, maharage ya nazi, muhogo wa nazi, vyote ndani ya nusu saa, na Taraweh inamkuta tumbo limejaa. Na hapo kulikuwa na dhiki ambayo hakuna daktari aliyewahi kumuuliza: udhu. Alikuwa anatoka kwenye safu mara mbili tatu kwa shaka ya upepo, mwisho akawa anasali nyumbani na kulia. Hili la dini si langu kulifungia, nilimkumbusha tu hadithi inayojulikana kwamba mtu asitoke kwenye sala mpaka asikie sauti au anuse harufu, yaani shaka peke yake haivunji, nikamwambia nenda kwa ustadhi umuulize na habari ya mwenye udhuru wa kudumu. Kaenda na mumewe. Karudi mwepesi. Futari akaigawa, tende na maji na uji kidogo kwanza, anasali Magharibi, chakula chenyewe baada ya Taraweh, na tikiti na juisi ya embe kawaachia watoto. Usiku wa mwisho mwisho alikuwa anasimama rakaa zote.

Sasa hivi yuko wapi? Siku nyingi namba 4, baadhi ya wiki namba 6 mara moja au mbili, hasa mkaguzi akija au fundi akipiga simu ya pesa. Grupu la WhatsApp kalinyamazisha baada ya Isha. Flagyl hajanunua tena, kwangu angalau. Kitambi anasema bado kipo, na mie naona ni kitambi cha mama wa watoto wawili tu. Kile kidonge cha usiku hajakichukua, cheti kimekunjwa ndani ya daftari. Mtihani wa Form Four ni Novemba, nitamuuliza tena ukikaribia.